Kila Simu Inafungua Ndagala

Benchi lenyewe ni ubao wa mtumbwi uliokufa, umelazwa juu ya mapipa mawili mbele ya kibanda cha kuchajia simu, mjini Baraka kando ya ziwa, hatua mia hivi kutoka pale boti zinapofunga. Mwaka ule vita vilikuwa vimerudi Fizi, sijui mara ya ngapi, maana hata waliokuwa wakihesabu walikwisha kuchoka, na askari wa pwani walikuwa wametoa amri kwamba watu zaidi ya watano wasisimame pamoja. Kwa hiyo kijiwe kilibaki na wanaume wanne na muuza kahawa. Wa sita akitokea, mmoja alikuwa anainuka na kujifanya ana haja. Ubishi haukupungua hata kidogo. Wanaume wanne wasio na kazi, wamekaa ubao mmoja tangu saa kumi na mbili asubuhi, hata malaika angepata shida kupitisha neno katikati yao.

Muuza kahawa alikuwa Émilienne, na yeye hakuwa na ubishi na mtu. Alikuwa na thermos mbili, vikombe sita, na binti aliyepotea. Nadège, miaka kumi na miwili. Walikimbia pamoja kutoka upande wa Lulimba, risasi zikilia nyuma yao, na mahali njia zinapogawana umati nao uligawanyika: wengine wakashika barabara ya Fizi, wengine wakakata kwenda ziwani, Kazimia. Émilienne alipopata nafasi ya kugeuka, mkononi alikuwa amebaki na mfuko wa nguo tu. Hizo zilikuwa wiki saba zilizopita. Machozi yalikuwa yamemwishia, ukabaki ule uchovu wa mtu anayeamka asubuhi akiwa amechoka zaidi ya alivyolala.

Tumaini lake, kama lilikuwepo, lilikuwa ndani ya kompyuta ya Nicolas.

Nicolas alikuwa ndiye fundi, kijana wa miaka thelathini mwenye macho ya mzee. Wauza samaki wa Baraka walikuwa wamempa kompyuta yao ili awatengenezee ukurasa wa bei, mtu aliye kando ya ziwa aone kwenye simu ndagala leo zinakwendaje. Ukurasa ulikuwa bado wa majaribio. Vita vilipopamba moto, Nicolas akaongeza ndani ya mashine ileile ukurasa wa pili, nao wa majaribio: liste ya waliopotea, majina mia mbili na kumi na manne aliyoyanakili kutoka daftari la kanisa. Juu ya kibanda alifunga antena, na simu yoyote pwani ingeweza kufungua kwa kuandika namba moja, bila mtandao wa mjini na bila kununua kadi. Boti za Kazimia zilikuwa zinashusha wakimbizi, wanakaa mchangani saa moja, kisha malori yanawabeba kwenda mbele. Katika saa ile moja kila mtu angesoma liste kwenye simu yake mwenyewe, amekaa peke yake, halafu aje aseme: huyu nilimuona mahali fulani. Nadège alikuwa mstari wa thelathini na moja.

Kuwaonyesha wote kwenye kompyuta moja walikwisha jaribu. Watu walisongamana, askari wakaja na fimbo, na mashine nusura iondoke nao. Ndiyo maana ilikuwa simu au hakuna.

Sasa hii ilikuwa siku ya tatu tangu antena ifungwe. Kwenye kompyuta ya Nicolas liste ilikuwa inafunguka vizuri, Émilienne ameiona kwa macho yake, jina la mwanawe limekaa pale kama mtu aliyesubirishwa. Lakini kwenye simu za watu, simu zote, kubwa na ndogo, ulikuwa unatokea ukurasa wa samaki. Mama anatafuta mwanawe, anaonyeshwa bei ya ndagala na mikebuka. Boti mbili zilikuwa zimeshusha watu, watu wamekodolea samaki, wamepanda malori, wamekwenda. Ya tatu ilikuwa inaonekana kule mbali, nyeusi juu ya maji.

— Kwangu iko, alisema Nicolas kwa mara ya kumi. Kwenu haiko. Mi sielewi.

Moteur alikunja mikono. Huyu ni Eugène, fundi wa injini za boti, ambaye kwake hakuna ugonjwa duniani, wa mtu wala wa serikali, usioanzia kwenye mafuta.

— Ni hewa, alisema. Hewa ikiingia mu tuyo, ule mupira wa mafuta, moteur inawaka, inaenda kidogo, inasimama mahali pa karibu. Samaki iko karibu. Liste iko mbali. Mashini haina pumzi ya kufika kule.

— Moteur, hapa hakuna tuyo.

— Na ile?

— Ile ni kable.

— Mutoto wa nyoka ni nyoka, alisema Moteur, na akanywa kahawa yake kama mtu aliyefunga kesi.

Kufunga kesi ilikuwa kazi ya mwingine. Isidore, wao walimwita Greffier, aliandika mahakamani miaka kumi na tisa, mpaka mahakama yenyewe ilipochomwa na mafaili yake yote. Alikuwa bado anavaa koti. Aliweka kikombe chini, akauliza ukurasa wa samaki uliingia lini kwenye mashine. Nicolas akasema mwezi wa pili. Na liste? Wiki iliyopita.

— Basi munashangaa nini? Ku mahakama, dossier yenye iliingia kwanza njo inaitwaka kwanza. Samaki imekaa ku mulango. Mwenye kuya bila kusema anataka nani, atapokelewa na samaki.

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, kinachoishia puani. Nicolas hata hakuinua kichwa. Na Greffier, kama kawaida yake, hakujua kuachia pale neno lilipokuwa zuri. Akaendelea kwamba dossier haikai mlangoni bure, kuna mtu ameisukuma, na aliyeisukuma ni mfanyabiashara mkubwa anayetaka wakimbizi wafike na njaa na waone samaki kwanza. Kikulacho kiko mu nguo yako, alisema, na akamtazama Satellite, ambaye siku ile alikuwa amevaa shati la kuazima.

Satellite, kwa jina la ubatizo Bonaventure, aliitwa hivyo kwa sababu maishani mwake alifunga dishi moja, la paroko, na siku ya tatu upepo ukalibeba. Hakukasirika. Alikuwa anatazama juu ya paa.

— Nicolas. Antena inaangalia wapi?

— Inaangalia pwani. Ziwa.

— Na mu ziwa kuko nini?

Akajijibu mwenyewe.

— Samaki, alisema Satellite, polepole. Mumeiweka uso ku samaki siku tatu, sasa munauliza kwa nini inaona samaki. Kizuri chajiuza.

Ungedhani wangemzomea. Lakini siku ya tatu ya kushindwa, akili ya mtu inakuwa kama mlango usio na komeo, chochote kinaingia. Moteur alipanda juu ya pipa, akaigeuza antena ikaelekea milimani. Simu zote zikapoteza mtandao. Nicolas, badala ya kukasirika, alisema tu warudishe, na wakati Moteur anairudisha Satellite alimwonya asiifikishe upande wa kambi ya askari, tusije tukafungua siri za watu. Mtandao ukarudi. Samaki wakarudi nao.

Ndipo Moteur akaja na lile la mwisho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema, na labda mawimbi ya liste yanapita chini, kwa kuwa ni mazito, yana majina ya watu, ilhali ya samaki ni mepesi, yanapita juu. Greffier, mwenye miaka sitini na mitatu na koti lake, alichuchumaa mchangani na simu mbele ya magoti. Akaandika ile namba. Akangoja. Magoti yake yalisikika.

— Mikebuka imepanda, alisema kutoka kule chini.

Émilienne alikuwa ameyaona yote hayo akiwa juu ya kigoda chake. Siku ya kwanza alicheka kidogo. Siku ya pili aliomba moyoni. Leo alikuwa anawachukia wote wanne kwa zamu, na kisha anawahurumia kwa zamu, kwa sababu Moteur mwenyewe alikuwa na kaka yake mstari wa tisa, na Greffier alikuwa na mke wake humohumo kwenye liste. Watu hawa hawakuwa wakicheza. Walikuwa wanasema ovyo kwa kuwa kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi.

— Nicolas, alisema. Bateau imefika.

Nicolas alitazama ziwani, akatazama mikono yake.

Boti ilifunga. Watu walishuka na magodoro, na kuku, na wale wazee wanaobebwa mgongoni, wakatawanyika mchangani watano watano kama walivyoamriwa. Karibu na kibanda ilikuwa imefungwa karatoni yenye namba ya kufungulia, namba tupu, bila neno lolote. Nicolas alitaka kuandika juu yake jina la ukurasa, WALIOPOTEA, kwa herufi kubwa. Wakamkataza wote, Greffier akiwa wa kwanza, na Émilienne naye akatikisa kichwa. Neno lile juu ya karatoni, pwani, mbele ya kila mwenye bunduki? Mtu atauliza nani kapotea, na aliyepotea ni wa nani, na kwa nini anatafutwa. Huku kwetu miaka ile namba ilikuwa haina kosa. Jina ndilo lililokuwa linatafutiwa kosa.

Mwanamke mmoja alikuja moja kwa moja kijiweni, simu mkononi. Mrefu, kitenge amekifunga begani, na Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa juu milimani, wa watu wa ng'ombe. Mwaka ule watu wa mlimani na watu wa ziwa walikuwa wanasalimiana huku kila mmoja akihesabu wafu wake. Moteur aliinuka kumpisha, na sijui kama ilikuwa heshima au amri ya watano.

— Mama, kahawa iko?

Émilienne akamiminia. Thermos ya pili ilitoa kikombe kimoja na robo, ikakoroma. Akampa kile kilichojaa.

— Aksanti. Mi naitwa Mukabera, alisema. Aliwageuzia wanaume simu yake. Banasema hapa munasaidia mutu mwenye anatafuta mutu. Nimeandika namba ya karatoni. Iko inanionyesha samaki.

— Tunajua, mama, walisema wote.

Wakaanza kumweleza, hewa, antena, mfanyabiashara. Mukabera alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akipuliza kahawa.

— Lakini mi nimeandika namba tu, alisema. Sijaiambia kama niko natafuta mutu. Yenyewe inajua je?

Nicolas akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, taratibu, kuanzia paji hadi kidevu. Kisha akaangalia kioo cha kompyuta yake, pale juu, mahali ambapo yeye mwenyewe kwa siku tatu alikuwa anaandika si namba bali jina.

Aliwaeleza huku mikono yake imeanza kazi. Mashine ni kiwanja kimoja, kina familia mbili. Ukipiga hodi ukasema unataka familia gani, unapelekwa kwao. Ukipiga hodi ukanyamaza, anakufungulia aliye karibu na mlango. Yeye jina la liste alikuwa amelifundisha kompyuta yake mwenyewe, ndani, siku ya kwanza kabisa ya majaribio, akasahau kwamba amelifundisha. Simu za watu hazikulijua jina lile, wala karatoni haikuwa nalo. Zilikuwa zinapiga hodi kwa namba na kunyamaza. Aliye karibu na mlango alikuwa samaki.

— Mi nilisema, alisema Greffier.

Na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, hakuna aliyembishia.

Dawa ilichukua muda wa kunywa nusu kikombe. Nicolas aliliwekea faili la liste sifuri mbele ya jina lake ili litangulie kwenye mpangilio, akaiwasha mashine upya, na akamwambia Mukabera afungue tena. Émilienne aliona uso wa yule mwanamke ukibadilika, macho yakaanza kwenda kulia na kushoto kama ya mtu anayesoma. Kule mchangani, mmoja baada ya mwingine, vichwa viliinama juu ya simu na havikuinuka. Émilienne alijua kwamba alipaswa kufurahi, na furaha aliitafuta kifuani hakuiona. Aliona boti mbili zilizokwisha pita.

Mukabera aliinua kichwa. Alisema kwamba anamtafuta Umulisa, mke wa kaka yake, waliyepotezana naye njiani kabla ya Kazimia. Umulisa alivuka jana. Alimpigia Mukabera simu kutoka hapahapa, pwani, akisema Baraka kuna watu wamefunga antena, watu wanadai ni ya kutafutia waliopotea, lakini yeye amefungua ameona biashara ya samaki, na sasa lori linaondoka kuelekea Lusenda. Tangu hapo simu yake imezimika.

— Ile liste ingekuwa iko jana, angeifungua, alisema Mukabera. Sababu alikuwa na mutoto wa batu.

Kikombe alichokuwa Émilienne anasuuza kilisimama mkononi.

— Mutoto gani?

— Wa kike. Alimuokota njiani, mbele ya kufika Kazimia. Wa myaka kumi, kumi na mbili.

— Jina lake?

— Anakatala. Umulisa alimuuliza wiki nzima, kwa bupole, na biskuti, na mambo yote. Anasema mama yake alimukataza.

Émilienne alikaa chini, na si juu ya kigoda. Kwenye ile barabara, mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, yeye ndiye aliyesema: yeyote akikuuliza, usitaje jina lako, usitaje la baba, usitaje kijiji. Jina lilikuwa limewaua watu vizuizini mbele ya macho yao. Onyo hilo alilisema mara tatu na mtoto akaitikia mara tatu. Na nyuma yake, na mbele yake, alisikia mama wengine wakisema lilelile kwa wa kwao. Kila mtoto aliyekimbia siku ile alikuwa amekatazwa. Angeweza kuwa Nadège. Angeweza kuwa wa mwanamke yeyote.

— Iko na alama ya moto ku mukono? aliuliza. Hapa?

— Mi sijamuona, mama. Nilisikia mu telefone tu.

Nicolas ndiye aliyejikaza. Tumuandike, alisema, tuandike kwamba yupo, yuko na Umulisa, alipita jana, lori la Lusenda, mama yake ataona. Akafungua mstari mpya. Akaandika umri, akaandika njia, akaandika lori, akabonyeza kuhifadhi. Mashine ikakataa. Ilimwonyesha kwa rangi nyekundu kisanduku cha kwanza, kile cha jina, ambacho yeye mwenyewe alikuwa ameamuru kisiachwe tupu. Akabonyeza tena, ikakataa tena.

Mukabera alisogea akakitazama kile chekundu.

— Sasa mutoto mwenye anakatala jina, aliuliza, munamuandika wapi?

Aliuliza kwa kutaka kujua tu. Nicolas alikuwa anaweza kuondoa ile amri ya kisanduku, ni kazi ya dakika mbili, lakini vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya herufi na havikwenda popote, maana hakujua ataandika nini pale ambacho mama mmoja atakisoma akajua ni wake. Satellite, kwa kukosa la kufanya, alinyoosha kikombe.

Émilienne alisimama, akajifunga kitenge upya, akakaza.

— Andika Nadège, alimwambia Nicolas. Kama haiko yeye, iko mutoto wa mutu.

Kisha akamuuliza Mukabera lori la jana lilikuwa la rangi gani. Mukabera alisema Umulisa hakutaja rangi. Wakaondoka hivyohivyo, wawili, wakifuata barabara ya Lusenda, na kikombe cha Satellite kilibaki kimenyooshwa kwa muda kabla hajakumbuka kwamba kahawa imeisha.